Pua ya Fundi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mtaani aliitwa Pua. Si kwamba pua yenyewe ilikuwa kubwa; ilikuwa pua ya kawaida tu, yenye alama mbili za miwani pale juu. Aliitwa hivyo kwa sababu alitibu magari kwa kunusa. Na si magari yote. Ni yale ya kizamani yenye injini nyuma, injini inayopozwa kwa upepo, isiyojua maji wala rejeta, yale ambayo yakipita watoto wanapiga kelele na wazee wanaanza hadithi ambazo hakuna aliyewaomba.

Magari hayo yanavuja oili. Mwenye nalo akikuapia kwamba lake halivuji, tazama sakafu anapoliegesha, halafu umsamehe. Kuiona oili si kazi, hata kipofu ataikanyaga. Kazi ni kujua imetokea wapi. Feni ya injini ile inapuliza kila pembe, na upepo unaichukua oili kutoka juu kushoto, unaizungusha, unaiangusha chini kulia. Fundi asiyejua hufunga gasketi mpya pale palipolowa, akamwacha mwizi amekaa pakavu anamcheka. Ndiyo maana Pua hakuwa na haraka. Aliosha injini nzima kwa petroli na brashi, akaikausha, akaipaka poda nyeupe, kisha akaliendesha gari mpaka lipate moto sawasawa. Akirudi aliingia chini na tochi, akaufuata mstari mweusi kwenye poda mpaka unakoanzia.

Palipobaki shaka alichovya kidole, akasugua na gumba, akanusa. "Hii ya injini." "Hii ya giaboksi." "Hii si oili, mama, hii ni ya breki, na wewe hili gari huliondoi hapa leo." Hakuwahi kukosea, na wa kwanza kukueleza hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Aliishi humohumo ndani ya ua wa gereji, chumba kimoja chenye mlango wa mbao na dirisha ambalo fremu yake ilivimba siku nyingi, halifunguki. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yao alikuwa ameolewa mbali, na kila Jumapili alipiga simu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula, mwanangu. Watu wanakula nini?"

Binti alicheka, naye akacheka, simu ikakatwa, na chumba kikarudi kuwa chumba. Ua aligawana na mpiga rangi wa magari, jamaa mfupi mwenye mdomo usiopumzika, ambaye kila mtu alimwita Rangi. Mchana kutwa Rangi alipuliza magari na kutania wapita njia. Jioni ilipofika alinawa kwa tina ya kuyeyushia rangi, akavaa shati safi, akaenda kwake kwa mkewe na wajukuu. Lango likifungwa, Pua alibaki na mabati. Hakuwa mtu wa kulia. Alichokikosa ni kitu kidogo mno hata kukitaja ni aibu: mtu wa kumwambia vua viatu, mtu wa kumwuliza mbona umechelewa kulala.

Msimu wa mvua uliopita alishikwa na mafua yaliyomlaza chini kabisa. Alipoinuka, chakula kilikuwa hakina ladha. Akaenda kwa mama muuza chakula wa pale kona, ambaye Pua alikula kwake miaka yote, akaweka kijiko chini.

"Mama, siku hizi unapika kama umesusa."

Mama yule hakuwa wa kuchezewa. "Watu wote hawa wanakula wanashukuru, wewe peke yako ndiye mfalme? Nenda kajipikie."

Akaenda kujipikia. Chake nacho kikawa vilevile, kama kutafuna karatasi. Hapo ndipo alipoamua kwamba hii ni huzuni. Aliwahi kumwona baba yake mdogo alivyofiwa na mke, alivyokuwa anakaa mbele ya sahani mpaka inapoa, naye Pua akasema moyoni kwamba zamu yake nayo imefika, ulimwengu umepoa na ndivyo mtu anavyokuwa akibaki peke yake. Hakumwambia mtu. Jiko la gesi akaliacha kama lilivyo, hata koki ya mtungi hakuifunga, akawa anakula mkate na maji, kwa kuwa mkate haukuahidi mtu ladha.

Sasa njoo kwenye gari la mkunga.

Mkunga huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamuru iliyozoea kuamuru watu wenye uchungu. Gari lake la rangi ya maziwa alikuwa nalo tangu alipoanza kazi. Alizalisha zahanatini, na alipoitwa alizalisha majumbani.

"Fundi," alisema siku ya kwanza, "kila nyumba niliyoingia sasa ina tone langu mlangoni. Watu wanajua mkunga kaja hata kabla sijabisha."

"Tutalikausha, mama."

"Likaushe kweli. Mimi likinizimikia njiani, mtoto hanisubiri."

Pua akaosha, akapaka poda, akaendesha, akaingia chini. Poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa pale injini inapokutana na giaboksi. Katikati yake kuna chumba cha klachi, na chini ya chumba hicho kuna tundu dogo. Ndani humo sili mbili, mipira ya kuzuia oili isitoke, zinatazamana, moja ya injini, nyingine ya giaboksi. Ikifa hii au ikifa ile, tone hutokea tundu lilelile, na vumbi la klachi hulifanya jeusi vilevile. Kinachozitenga ni harufu. Oili ya giaboksi inanuka yai bovu, huwezi kuikosea hata ukiwa usingizini. Pua akachovya, akasugua, akanusa. Uvundo hakuna. Basi ni ya injini.

Akaishusha injini, akabadilisha sili yake, akairudisha. Haikupita muda mkunga akarudi, na tone likarudi naye. Pua akajilaumu kwamba labda sili ilikaa upande. Akashusha injini tena, akaweka nyingine, safari hii akiibembeleza kwa nyundo ya mpira kama anamlaza mtoto. Mkunga akarudi mara ya tatu. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma Pua. Alisema tu kwamba mwenzake wa zahanati kamwelekeza kwa fundi mwingine, mjini, lakini yeye mwenyewe atampa Pua nafasi moja ya mwisho.

Mtu asikudanganye kwamba hayo ni maneno madogo. Pua hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na lile jina la mtaani. Magari yale yalikuwa yamebaki machache, na wenye nayo wanajuana wote. Mmoja akihama, wengine hawakawii kufuata, na hapo ua ule ungebaki wa Rangi peke yake.

"Mama, leo tuendeshe wote wawili," alisema. "Wewe unalijua, mimi nitasikiliza."

Walikuwa hawajafika mbali mkunga akateremsha kioo.

"Harufu hii, fundi, ndiyo inayonichosha."

"Harufu gani?"

Mkunga akamgeukia. "Kwani wewe huisikii?"

Pua akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Akavuta tena. Ilikuwa hewa tu, yenye vumbi na joto kidogo.

"Naisikia," alisema. "Kidogo."

Alidanganya. Mkunga alipoacha gari akaenda kazini kwa pikipiki, Pua alichukua galoni la petroli, akalifungua, akaingiza pua. Alihisi ubaridi ndani ya matundu, basi. Akaenda kwenye meza ya Rangi, akafungua kopo la tina, kitu kinachomfanya mtu mzima akimbie, akainama juu yake. Macho yakamwaga machozi na koo likamuwasha. Harufu haikuja.

"Kaka!" Rangi alimkuta pale pale. "Umeanza kuvuta? Na umri huu? Ngoja nimwambie binti yako baba yake kapotea."

Pua akacheka naye. Angefanyaje? Kumwambia Rangi ni kuitangazia dunia. Kabla ya adhuhuri vijana wa mtaani wangekuwa wamemtungia jina jipya. Akafunika kopo, akarudi kwenye gari, akakaa kwenye tairi la akiba. Lilikuwa jambo la kuchekesha, ukilitazama kwa mbali. Fundi Pua hana pua.

Kesho yake asubuhi aliingia chini ya gari akatafuta njia ya kuitambua oili bila kumwomba mtu pua yake. Angeweza kupima kina cha oili ya giaboksi kwa kufungua nati ya pembeni, lakini nati ile ilikuwa imeliwa kona zote na mtu aliyemtangulia, haishikiki. Akadondosha tone kwenye karatasi aone linavyosambaa. Likasambaa kama oili. Akalinyoosha kati ya vidole aone uzito. Mwishowe, na hili asingependa mtu alijue, akaligusisha kwenye ulimi. Akatema, akapangusa ulimi kwa mkono wa ovaroli. Halikuwa na ladha yoyote, kama vile mkate usivyokuwa nayo, na vile supu ya mama wa kona ilivyokuwa haina.

Supu. Alibaki amelala chali, tochi kifuani, akilitazama tumbo la gari. Kumbe supu haikuwa na kosa. Na ile huzuni aliyoibeba miezi yote, akaiheshimu, akaipisha ikae mezani pamoja naye, nusu yake haikuwa huzuni. Ilikuwa mafua.

"Fundi, uko hai huko?" Ilikuwa sauti ya mkunga. Siku hiyo hakuwa na zamu.

Akajivuta kutoka. Mkunga alikuwa amesimama juu yake na mkoba wake begani. Pua akachovya kidole kwenye tone, akainuka, akakinyoosha kidole mbele yake kama mtoto anayeonyesha mwiba.

"Mama, nisaidie kitu kimoja. Nusa hapa, uniambie."

"Ninuse mimi?"

"Pua yangu imekufa."

Maneno yalimtoka hivyo, hayana mapambo. Alitazama pembeni, akingoja kicheko. Mkunga hakucheka. Alikishika kile kidole kwa mkono wake mkubwa, akakileta karibu, akakunja uso wote.

"Eeh! Yai bovu. Yai lililosahauliwa."

Pua akafumba macho. "Giaboksi. Nimeshusha injini mara mbili, na ile sili muda wote ilikuwa inanitazama usoni."

"Na jana ukaniambia unasikia kidogo."

"Nilisema."

"Mficha uchi hazai, fundi. Nimewaona wengi wakijaribu, mimi ndiye nakwambia."

Hapo wakacheka wote wawili, na Pua akashangaa jinsi kifua kilivyomlegea. Akamwita Rangi amsaidie jeki, wakashusha injini mara ya tatu. Rangi akauliza kama gari hili linalipa kodi kwa jinsi linavyolala hapa. Sili ya giaboksi ilikuwa imekauka na kupasuka ukingoni, kitu kidogo cha mpira kisichojaza kiganja. Akaibadilisha. Alasiri injini ilikuwa mahali pake, poda imepakwa, gari limezunguka mtaa na kurudi. Aliingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Poda ilikuwa nyeupe kila upande.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya chumba. "Tangu lini?" alimwuliza Pua alipokuja kunawa.

"Sijui. Tangu mvua, nafikiri."

"Hujui? Nyumbani hakuna aliyekwambia fundi, chakula kinaungua, fundi, shati hili limechoka?"

"Hakuna mtu, mama."

Alilisema kama anavyosema stoo hakuna gasketi, lakini lilipotoka alilisikia kwa mara ya kwanza. Mtu mwingine yeyote mwenye mtu ndani angejua siku ileile. Yeye alihitaji gari la watu livuje mara tatu ndipo ajue habari za mwili wake. Hasira ilimpanda, wala hakujua ni ya nani. Akasugua sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Kuna majani ya chai humo?" mkunga aliuliza. "Kaa upumzike, nitachemsha mimi. Kushusha injini mara tatu si mchezo, na kuzaa mara tatu ni afadhali."

"Yapo, lakini ya siku nyingi. Kibiriti kiko juu ya rafu."

Alikuwa wa kwanza kutaka kuingia chumba kile tangu msiba. Pua akaona haya kwa sababu ya kitanda kisichotandikwa. Mkunga akausukuma mlango, akaweka mguu mmoja ndani, na mguu ule ukarudi nje peke yake.

"Usiguse kitu," alisema, kwa ile sauti yake ya kuamuru. "Usiwashe hata taa. Gesi, fundi! Humu mmejaa gesi!"

Pua alizuia pumzi, akaingia, akafunga koki ya mtungi, akauburuta mtungi pamoja na jiko lake mpaka katikati ya ua. Hakusikia kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Chumba kilikuwa kilekile alichoamka humo asubuhi, shwari, kimya. Mkunga akachota povu la sabuni kwenye beseni, akalipaka kwenye shingo ya mpira wa gesi, Pua akafungua koki kidogo tu. Povu likaanza kuchemka pale pale penye mkanda wa chuma unaoubana mpira, mapovu madogo yakifuatana. Basi yeye, aliyeyasaka mavujo ya watu maisha yake yote, alikuwa analala kila siku kando ya la kwake. Kama asingechoka kupika, kama siku yoyote angetamani chai, Rangi angemkuta asubuhi, au asingekuta kitu cha kukuta.

Simu ya mkunga ikalia. Alisikiliza, akasema "usisukume bado, nakuja," akachukua mkoba.

"Acha mlango wazi. Usiingie mpaka harufu iishe kabisa, umenielewa? Na pua hiyo kesho uilete zahanati."

"Nimekuelewa, mama. Nenda, mtoto hasubiri."

Gari la rangi ya maziwa likatoka langoni likinguruma. Mahali lilipokuwa limesimama pakabaki pakavu. Pua akalitazama mpaka likakata kona, akarudi kukaa kwenye benchi. Ndipo lile neno likamrudia. Mpaka harufu iishe. Itaisha lini, na nani atamwambia?

Alikaa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabati. Rangi alikuwa upande wa pili wa ua ananawa, shati safi limening'inia kwenye msumari. Pua alimtazama kwa muda. Akafikiria vijana wa mtaani, akafikiria jina jipya, akaona vyote havina uzito mbele ya mlango ule ulio wazi.

"Rangi! Njoo hapa mara moja."

Rangi akaja akifunga vifungo. "Kuna nini? Nimemwona mama wa watu anaondoka mbio, umemposa?"

"Mtungi wangu ulikuwa unavuja. Ingiza kichwa humo ndani, uniambie kama gesi bado ipo. Mimi sisikii harufu tena. Tangu mvua. Pua imekufa."

Alingoja utani uje. Haukuja. Rangi alisimama na kifungo mkononi, akautazama mtungi kule katikati ya ua, akautazama mlango, kisha akamtazama yeye kwa namna ambayo Pua hakuwahi kumwona akimtazama mtu.

"Usinitanie, kaka."

"Sikutanii."

"Mimi pua yangu tina ilishaimaliza miaka mingi," Rangi alisema polepole. "Sisikii hata rangi yenyewe. Napuliza humu, nachanganya humu, nawasha sigara humu. Nilikuwa najiambia hapana shida, kukiwa na hatari Pua ataisikia."

Rangi akaitoa sigara iliyokuwa nyuma ya sikio, akaitia mfukoni, akakaa kwenye benchi na shati lake safi. Simu yake ilipolia, akamwambia mkewe atachelewa. Wakakaa wawili mbele ya mlango ulio wazi, wakitazama langoni, wakingoja apite mtu yeyote wamwombe aje awanusie.